Nani alimvusha siafu? Shajara ya mradi wa sisimizi, visiwa vya Mwanza

28 Septemba

Vibali vimekamilika, cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na cha serikali ya kijiji, na leo tumekwenda kuviona visiwa bila kutega kitu. Tumetoka mwalo wa Igombe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa limetulia kama maji ya mtungini. Nahodha ametupa sharti moja: ikifika saa saba mchana tuwe njiani kurudi, maana upepo wa ziwani ukishapanda, mtumbwi wetu haufai.

Visiwa ni vinne, vyote vya majabali yaleyale yanayoufanya mji wa Mwanza uitwe Jiji la Miamba. Kilicho kikubwa unakizunguka kwa miguu kwa nusu saa. Wavuvi wana majina yao, ila humu natumia tuliyovipa sisi. Mnandi kimejaa ndege hao na kinyesi chao cheupe. Kambi ndiko wanakoanika dagaa. Pacha ni majabali mawili yenye mkuyu mmoja katikati. Mlangoni kiko karibu na nchi kavu kuliko vyote, ukisimama juu yake unamsikia jogoo wa kijijini.

Swali letu: sisimizi anafikaje kisiwani? Limeulizwa zamani. Miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Edward O. Wilson na Daniel Simberloff, walivifunika kwa maturubai visiwa vidogo vya mikoko huko Florida, wakapuliza gesi ya sumu mpaka wadudu wakafa, kisha wakakaa kuhesabu nani anarudi. Haukupita mwaka, vingi vilikuwa vimerudia idadi ya aina iliyokaribia ile ya mwanzo, ingawa si lazima aina zilezile. Kile cha mbali zaidi ndicho kilichochelewa. Sisi hatuui kisiwa. Tunawahesabu waliopo na kujaribu kujua kila mmoja aliingia kwa mlango gani.

Ninayemfikiria usiku na mchana ni siafu. Malkia wa sisimizi wengi huzaliwa na mbawa. Mvua ikinyesha anaruka, anapandwa, anatua, anazikata mbawa zake mwenyewe na kuanza kuchimba. Upepo ukimsukuma juu ya maji na bahati ikamtua jabalini, kisiwa kimepata ukoo mpya. Malkia wa siafu hana mbawa, hajawahi kuwa nazo. Kundi lake likizidi hugawanyika, sehemu inafuatana na malkia mmoja na sehemu na mwingine, wote kwa miguu. Maji kwake ni ukuta. Kwa hiyo nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kwenye visiwa hivi hatutapata siafu.

4 Oktoba

Mitego ya kwanza imefukiwa Mnandi na Pacha. Naeleza kwa kirefu, kwa ajili ya vijana watakaotaka kuifanya kazi hii, maana makosa mengi huanzia hapa. Kikombe cha plastiki kinafukiwa mpaka mdomo wake ulingane na udongo. Ukibaki juu hata unene wa ukucha, sisimizi anaufuata ukingo, anazunguka, anakwenda zake. Ukizama chini, mvua ya kwanza inakijaza tope. Tunafukia viwili, kimoja ndani ya kingine, ili siku ya kukusanya tunyanyue cha ndani bila kubomoa shimo. Ndani tunatia maji na tone la sabuni, kwa sababu maji matupu yana ngozi ya juu ambayo mdudu mwepesi anaweza kuikalia, na sabuni huivunja. Juu tunaegesha kifuniko kwenye vijiti kuzuia mvua na majani. Saa 48, tunakusanya.

Shida ya visiwa hivi ni udongo wenyewe. Kati ya majabali unachimba kina cha kiganja, unagonga jiwe. Penye jiwe tupu tunaweka chambo juu ya karatasi nyeupe: dagaa waliopondwa upande mmoja, pamba iliyoloweshwa maji ya sukari upande mwingine. Kisha unakaa na kutazama saa nzima, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Leo pale Pacha, dakika ya tatu, alifika mdogo mmoja wa rangi ya chai. Akapapasa kichwa cha dagaa kwa papasi zake, akageuka, akarudi alikotoka akiburuza tumbo chini, na nilijua anaacha harufu ya kuwaongoza wenzake. Dakika ya kumi na mbili njia ilikuwa imeshachorwa. Ndipo wakaja askari. Askari wa jenasi ya Pheidole ana kichwa kikubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake, na kimepasuka mstari katikati kama punje ya kahawa. Wanne walilizunguka jicho la dagaa, wakalikata kwa taya kama watu wenye panga, na vibarua wadogo wakabeba vipande. Upande wa sukari walishuka wengine kutoka mkuyuni, weusi, wenye tumbo la umbo la moyo. Nilipowakaribia waliliinua juu ya vichwa vyao kama nge. Hao ni Crematogaster. Njia mbili, sentimita chache kati yao, na hakuna aliyevuka kwenda kwa mwenzake.

6 Oktoba

Mnandi: vikombe vitatu vimeng'olewa, alama za mkia wa kenge ziko mchangani. Tumefukia upya na kuzungushia mawe. Pacha salama.

11 Oktoba

Siku mbaya. Spiriti tuliyonunua duka moja la mjini, iliyoandikwa asilimia 95, ilikuwa imechanganywa maji mengi. Nilipofungua chupa za Pacha harufu ilinipokea kabla ya macho. Sisimizi wamelegea. Ukimshika kwa koleo kichwa kinabaki na mwili unakwenda. Sampuli za siku nne zimepotea, na wale ni viumbe tuliowaua. Kuua kiumbe kisha kumpoteza bila kujifunza kitu kwake kumeniuma sana. Kuanzia leo spiriti haiingii kwenye chupa ya sampuli kabla ya kupimwa.

Lebo angalau zimepona, kwa sababu ziliandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti na kukuachia karatasi nyeupe.

19 Oktoba

Kambi. Hapa kuna watu, na hesabu imebadilika.

Tumepokelewa na akina mama wanaoanika dagaa. Mmoja, mwenye umri wa mama yangu, alipoitikia shikamoo yetu aliniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, hawa wadudu wanatumalizia dagaa. Umekuja kuwaua au kuwahesabu?" Nikamwambia, "Kuwahesabu, mama." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wahesabu vizuri, halafu utuambie wanatokea wapi." Nimeiandika ahadi hiyo ukurasa wa mwisho wa daftari na nimeipigia mstari.

Kisha yeye mwenyewe akanifundisha. Alinionyesha wembamba wenye miguu mirefu wanaokimbia huku na huku bila mstari, kama waliopotelewa na kitu. Alisema hao hawakuwepo alipofika. Walionekana baada ya kuletwa mbao kuukuu za kujengea banda. Nimemchukua mmoja mpaka kwenye darubini: Paratrechina longicornis, aliyeenea karibu dunia nzima ndani ya mizigo ya watu. Mama yule hakuwa na darubini na alikuwa ameshaijua habari nzima ila jina.

Kwa hiyo Kambi ina mlango ambao Mnandi haina: kuni, mbao, magunia, nyasi za kuezekea, mikungu ya ndizi. Kila mzigo unaoshushwa una wakazi wake. Na si kila mgeni ni wa kupuuzwa. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Laikipia, Kenya, ulioonyesha kwamba Pheidole megacephala alipovamia aliwaua sisimizi walinzi wa miti ya miiba, tembo wakapata nafasi ya kuivunja miti ile, mbuga ikawa wazi, na simba wakapungukiwa maficho ya kuwaotea pundamilia. Mdudu wa milimita chache amebadilisha chakula cha simba. Baada ya kuusoma tena jioni hii nimeweka sheria kwa timu yetu: kabla ya kupanda mtumbwi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, mabuti yanapigwa brashi, mabegi yanakung'utwa, vikombe vinasuuzwa. Tusije tukawa sisi wenyewe tunaowavusha.

2 Novemba

Mvua zimeanza. Juzi usiku kumbikumbi wameruka na watoto wa Igombe wamekula mpaka wakashiba. (Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, si sisimizi. Wamekaribiana kwa sura tu, na mchwa ni ndugu wa mende.) Asubuhi ya leo malkia wa sisimizi nao walikuwa kila mahali juu ya majabali ya Pacha, wengine na mbawa, wengine wameshazikata. Nimeokota mbawa zilizokatwa kwenye ufa mmoja wa jiwe. Ni nyepesi, pumzi yangu tu ilizipeperusha.

Mchana mwenzangu alinipigia simu kutoka Kambi, sauti imepanda: "Kaka, siafu wapo!" Wavuvi walikuwa wamemletea mdudu aliyeangukia ndani ya mtumbwi usiku, kwenye taa za dagaa. Ni mkubwa, wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye manyoya, tumbo refu nene, mbawa nne. Ukimwambia mtu huyu ni siafu hakuamini. Ndiyo, ni siafu, dume lake. Madume ya siafu yana mbawa na hufuata taa, na wavuvi wa dagaa wanawasha taa ziwa zima usiku usio na mbalamwezi. Lakini dume si ushahidi. Ameruka peke yake kutoka nchi kavu kumtafuta malkia ambaye kisiwani hayupo. Nimemwandika kwenye safu yake, na ukurasa wa kwanza wa daftari haujafutwa.

12 Novemba

Upepo wa siku tatu umeleta magugu maji mpaka Mnandi. Yamekwama kati ya majabali, bonge la ukubwa wa kitanda, pamoja na mafunjo yaliyong'oka na mizizi yake. Gugu hili lilianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kila mwenye injini ana kisa chake nalo.

Tulilitandikia shuka jeupe na kulikung'uta shina kwa shina. Konokono, buibui, viluwiluwi. Kisha, kwenye bua moja la funjo lililooza, sisimizi wadogo wa rangi ya asali wakamwagika na mayai meupe midomoni, na katikati yao malkia, makovu ya mbawa yakionekana mgongoni. Nyumba kamili imesafiri. Haikuhitaji kuruka. Na maji ya ziwa letu si ya chumvi, msafiri akilowa halowi sumu, tofauti na wale wa Florida.

Usiku nimejiuliza kama siafu naye angeweza kupanda chombo hiki. Sioni. Kundi la siafu wa juu ya ardhi linaweza kuwa na vibarua mamilioni, na malkia hasafiri bila wao. Bua la funjo haliwatoshi.

20 Novemba

Mlangoni. Naandika nikiwa bado na udongo kwenye kucha.

Kuna siafu wanaoishi chini ya ardhi ambao mitego ya juu haiwapati. Wanapenda mafuta, na watafiti wa Asia ya Kusini Mashariki wamewahi kuwavuta kwa mafuta ya mawese. Tumenunua mawese ya Kigoma sokoni, tumetoboa makopo pande zote, tumeyajaza udongo uliochanganywa mafuta na kuyafukia kwenye visiwa vyote vinne. Kwa Mlangoni nilifanya ili ukamilifu uwepo tu.

Kopo la tano lilikuwa zito kuliko nilivyolifukia. Nilipolimwaga kwenye trei, udongo ulitembea. Walikuwa wa rangi ya kahawia iliyopauka, wadogo kwa wakubwa wamechanganyika, wakubwa karibu mara tatu ya wadogo, na wote walishika kwa meno chochote walichokigusa. Nilimwinua mmoja kwa koleo, akawa ameng'ang'ania kipande cha mzizi, nikamweka chini ya lenzi ya mkononi. Pembeni mwa kichwa, mahali ambapo sisimizi wengine wana macho, palikuwa laini kabisa. Hakuna jicho. Vibarua wote wa Dorylus, jenasi ya siafu, ni vipofu. Hawa si madume waliopotezwa na taa. Ni vibarua, na penye vibarua yupo malkia, na malkia hakuruka.

Nilikaa chini juu ya jiwe. Mwenzangu aliniuliza kama naumwa.

21 Novemba

Leo sikwenda kisiwani. Nimekwenda kijijini, kwa mzee ambaye nahodha alisema ndiye anayelijua ziwa upande huu. Nimemkuta chini ya mwembe anashona wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Mwangaluka."

Nikamweleza yote, na nikamwonyesha chupa. Aliigeuza juani, akairudisha. Akasema, "Sasa kinachokushangaza ni nini? Pale si kisiwa."

Kabla ya mvua kubwa za mwaka wa uhuru, alisema, baba yake alikuwa anachunga mbuzi Mlangoni. Walikuwa wanapita kwa miguu. Maji ya 1961 na miaka iliyofuata ndiyo yaliyopafanya kisiwa, na yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alililia shamba la mihogo lililozama. Kisha akataja mwaka 2006, ambao hata mimi naukumbuka kwa magati yaliyobaki juu ya tope: maji yalishuka mpaka wakawa wanavuka tena, penye kina kirefu yakiishia magotini, na watu wakapanda matikiti kwenye udongo ulioachwa wazi. "Kama mbuzi alipita," alisema, "mdudu angezuiwa na nani?"

Nikamuuliza kuhusu sungusungu, wale weusi wakubwa wanaoandamana kuvamia mchwa na kutoa sauti nyembamba ukiwashtua. (Ndio waliowapa jina walinzi wa jadi wa Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980.) Nimeuliza kwa sababu malkia wao naye hana mbawa, naye huvuka kwa miguu tu. Alisema walikuwepo pale Mlangoni alipokuwa kijana, kwenye kichuguu cha upande wa jua linakozama. Sisi hatujampata hata mmoja.

25 Novemba

Nimefuta sentensi ya ukurasa wa kwanza na kuandika nyingine chini yake. Mlangoni si kisiwa kilichopokea siafu. Ni kipande cha nchi kavu kilichokatwa na wenyeji wake wakiwa ndani. Visiwa vingine vitatu huenda vimejaa polepole kwa mbawa, magugu na mizigo. Hiki huenda kimekuwa kikipungukiwa tangu siku maji yalipofunga njia, na sungusungu ndio wametangulia kutoweka: anayeishi kwa kuwinda mchwa tu atakula nini vichuguu vikiisha?

Na eneo linazidi kubana. Kati ya kina cha chini cha 2006 na kile cha juu cha Mei 2024 ziwa lilipanda takriban mita 3. Tumetembea ufukwe wa Mlangoni leo na kuhesabu visiki vilivyosimama majini. Kila kisiki kilikuwa mti juu ya udongo ambao siafu hawa walikuwa wanauchimba.

Nimerudi Kambi pia, kutimiza ahadi. Nimemweleza mama yule kwamba wale wa miguu mirefu wanapanga ndani ya mbao na magunia, wakipenda pia nyufa za banda, na kwamba mzigo mpya ukianikwa juani na kukung'utwa ufukweni kabla ya kuingizwa utapunguza wageni. Amesema watajaribu na mzigo ujao wa kuni. Amenipa dagaa wa kutosha chambo cha mwezi mzima na akakataa hela.

3 Desemba

Makopo ya mafuta, duru ya pili. Mnandi hakuna siafu. Kambi hakuna. Pacha hakuna. Mlangoni wapo tena, kwenye makopo mawili, yote upande wa juu wa kisiwa.

Kama mzee yuko sahihi, kina cha maji kinatakiwa kutoa ushahidi. Nahodha amefunga jiwe kwenye kamba na kuitia mafundo kila mita, na tumepiga makasia kutoka Mlangoni hadi nchi kavu tukishusha na kupandisha. Penye kina kirefu zaidi kamba imeonyesha mita 3 na nusu hivi. Ondoa maji yaliyopanda tangu 2006, unabaki na maji ya magoti.

Tulipofika mkondo wa Pacha nahodha alishusha jiwe, fundo la kumi likapita mkononi mwake, la kumi na mbili likapita, kisha kamba ikaisha na jiwe bado lilikuwa linaning'inia. Upepo ulishaanza. Kesho anakuja na kamba ya kaka yake, ya nyavu za sangara, na tutaanza na Mnandi alfajiri.